Sarafu ya Dhahabu ya Kirumi: Jinsi ya Kuitambua, Kuanzia Mizani ya Sonara hadi Jina la Kaisari

Wasomaji wa Injili wanaikumbuka habari ya kodi. Yesu aliletewa dinari, akauliza sanamu ile na anwani ile, yaani maandishi yake, ni za nani, wakamjibu ni za Kaisari. Sijaona njia bora ya kuanza kuitambua sarafu ya Kirumi kuliko maswali hayo mawili. La kuongeza ni moja tu, nami hulitanguliza kila mara: ina uzito gani?

Nalitanguliza kwa sababu macho hudanganyika upesi. Dhahabu haishiki kutu. Sarafu iliyolala ardhini miaka 1,900 inaweza kuchimbuliwa iking'aa kana kwamba imetoka kwa sonara jana, na iliyotengenezwa mwezi uliopita inaweza kupakwa masizi ikafanana na mzee wa karne. Lakini Warumi waliigawa ratili ya dhahabu kwa hesabu maalumu, na hesabu hiyo ilibadilishwa katika miaka tunayoijua. Uzito, sanamu na anwani ni mashahidi watatu. Kazi yako ni kuwahoji mmoja mmoja, kisha kuona kama maneno yao yanapatana.

Kabla ya kuigusa

Usiisafishe. Usitumie majivu, ndimu, dawa ya meno wala kitambaa cha kung'arishia vito. Udongo ulioganda kwenye mabonde ya herufi na wekundu ulio kando ya sanamu ni ushahidi, na ukishaufuta haurudi. Ishike kwa ukingo, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa laini, isije ikadondoka sakafuni.

Ukiipeleka kwa sonara, mwombe mizani yake, si jiwe lake la kupimia wala tindikali. Kipimo cha kusugua ni kizuri kwa bangili na cheni. Kwa sarafu ya kale, mchubuko mmoja ni jeraha la kudumu na unakula thamani yake. Masonara wakubwa siku hizi wana mashine ya eksirei inayosoma kiasi cha dhahabu bila kukwaruza chochote, na hiyo unaweza kuikubali bila wasiwasi.

Hatua ya kwanza: ipime

Tumia mizani inayosoma angalau sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya jikoni haifai, kwani tofauti tunayoitafuta wakati mwingine haifiki nusu gramu. Pima mara tatu. Halafu pima kipenyo kwa rula, mahali papana na mahali pembamba, maana sarafu hizi si duara kamili.

Sasa linganisha. Ratili ya Kirumi ilikuwa na gramu kama 325. Mwaka 46 KK, Julius Caesar aligonga dhahabu kwa wingi kuliko Mrumi yeyote aliyemtangulia, na kila ratili ilitoa sarafu 40, yaani kila moja gramu 8 hivi. Hiyo ndiyo aureo, ambayo katika katalogi utaiona imeandikwa aureus. Chini ya Augustus ilishuka kidogo, ikawa 7.8 au 7.9. Mwaka 64 BK, mwaka ule ule Roma ilipoungua, Nero aliamua ratili itoe sarafu 45, na aureo ikashuka hadi 7.2 au 7.3. Domitian aliipandisha tena karibu na 7.7, Trajan akairudisha kwenye kipimo cha Nero, na hapo ikatulia kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 215 Caracalla alizifanya 50 kwa ratili, gramu 6.5.

Baada ya hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya tatu, mizani haisaidii sana. Dola ilikuwa imezongwa na vita na makaisari wa muda mfupi, na dhahabu iligongwa kwa uzito wowote kulingana na kilichokuwemo hazinani. Ukiwa na sarafu ya kipindi hicho, mtegemee zaidi shahidi wa pili na wa tatu.

Utaratibu ulirudi na Diocletian, aliyegonga sarafu 60 kwa ratili, gramu 5.4 hivi. Baadhi ya sarafu zake zina herufi ya Kigiriki Ξ, ambayo kwa hesabu ya Wagiriki ni 60. Kisha, mnamo 309, Constantine akaanzisha sarafu mpya ya 72 kwa ratili: solido, gramu 4.5. Hiyo ilidumu na uzito wake na usafi wake kwa takriban miaka 700. Ni vigumu kutaja fedha nyingine iliyoaminiwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kwa hiyo mizani ikisoma 7.9, fikiria enzi ya Augustus. Ikisoma 7.2, fikiria Nero baada ya 64, au Trajan, Hadrian na waliowafuata. Ikisoma 4.4 au 4.5, una solido, na utaona ni pana kidogo na nyembamba, milimita 20 au 21, tofauti na aureo iliyo nene na yenye milimita 19 hivi. Gramu 1.5 ni tremisi, theluthi ya solido. Sarafu iliyozunguka mikononi mwa watu miaka 50 hupungua, hivyo 7.0 badala ya 7.25 isikutie hofu. Kinachotia hofu ni uzito uliozidi. Aureo ya Hadrian yenye gramu 8.4 ina jambo la kujieleza.

Hatua ya pili: itie majini

Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, iteremshe izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, na mapovu yasiishikilie. Nambari itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kwa nambari hiyo.

Tuseme sarafu ina gramu 7.28 na majini mizani imesoma 0.39. Jibu ni 18.7. Dhahabu tupu ni 19.3, na aureo za karne ya kwanza zilikuwa na dhahabu ya asilimia 98 au 99, kwa hiyo 18.7 inakubalika. Shaba iliyochovywa dhahabu ingesoma karibu 0.8, na hapo kazi yako ingeishia. Dhahabu ya karati 18 ingesoma 0.47. Lakini karati 22 ingesoma 0.41, na tofauti ya 0.39 na 0.41 ni ndogo kiasi kwamba mkono ukitetemeka kidogo tu jibu linabadilika. Rudia mara tano, na ukipata mizani ya sehemu ya elfu, itumie hiyo.

Kufaulu kipimo hiki kunakwambia tu kwamba ni dhahabu. Hakukwambii kwamba ni ya kale. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alichonga mihuri kwa ustadi mkubwa na kugonga sarafu za “kale” kwa dhahabu halisi. Inasimuliwa kwamba alizitia kwenye sanduku lenye unga wa chuma, akalifunga kwenye gari lake la farasi, na mitikisiko ya barabara ikazizeesha. Mghushi hodari hakubanii dhahabu. Kinachompa faida ni jina la Kaisari.

Hatua ya tatu: iligongwa au ilisubiwa?

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mrefu kuliko zote, na nakushauri ufanye hivyo. Tafuta lenzi inayokuza mara 10 na taa moja uiweke pembeni, mwanga ulale juu ya sarafu. Mwanga wa juu huficha mambo.

Mrumi hakumimina sarafu yake. Kipande cha dhahabu kilichokwisha kupimwa kiliwekwa kati ya mihuri miwili iliyochongwa kinyume, na fundi akapiga kwa nyundo. Pigo lile huacha alama. Sanamu mara nyingi haikai katikati kabisa. Ukingo ni laini, hauna meno kama ya sarafu za mashine, na pengine una mpasuko mdogo mahali dhahabu iliposhindwa kutanuka. Kando ya herufi, kwa lenzi, utaona mistari myembamba inayoelekea nje, kama mchanga wa pwani baada ya wimbi kurudi. Ndiyo njia dhahabu iliyopitia ilipokuwa inasukumwa.

Sarafu iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu, haina mistari hiyo. Uso wake una vitundu vidogo kama ganda la chungwa, herufi zake ni butu kama kipande cha sabuni kilichotumika, na ukingoni huenda ukaona mshono, au alama za tupa iliyotumika kuuondoa.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji kifaa: itafute pacha wake. Pitia picha za sarafu za aina hiyo kwenye makumbusho na minada. Sarafu mbili za kweli zinaweza kutoka muhuri mmoja, hivyo pua na herufi zikafanana kabisa. Ila umbo la ukingo haliwezi kufanana, wala jinsi sanamu ilivyoegemea upande, wala mikwaruzo, kwa kuwa kila kipande kilipigwa peke yake na kikaishi maisha yake. Ukimkuta pacha mwenye mchubuko ule ule chini ya sikio lile lile, angalau mojawapo ni nakala.

Hatua ya nne: sanamu ni ya nani?

Warumi walichonga nyuso za watawala wao kwa uaminifu unaoshangaza. Vespasian ana kipara na makunyanzi ya askari mzee. Nero wa miaka ya mwisho ana shingo nene na nywele zilizopangwa kwa mawimbi. Trajan amechana nywele kuelekea kipajini. Hadrian ndiye Kaisari wa kwanza kuonekana kwa kawaida na ndevu kamili, fupi zilizopunguzwa vizuri, na baada yake wengi wakafuga. Za Marcus Aurelius ni ndefu zenye mawimbi. Augustus ni wa pekee: alitawala hadi akafa na miaka 75, lakini kwenye sarafu hakuzeeka kamwe.

Angalia kilichopo kichwani kuliko hata uso. Shada la majani, lenye utepe uliofungwa kisogoni, ni desturi ya karne tatu za mwanzo. Utepe wa lulu au vito ni wa Constantine katika miaka yake ya mwisho, na waliomfuata. Kama Kaisari anakutazama uso kwa uso, amevaa kofia ya chuma, mkuki begani na ngao mkononi, hiyo ni solido, na kwa upande wa mashariki mtindo huo ulitawala kuanzia Arcadius, mwaka 395. Akikutazama akiwa ameshika tufe lenye msalaba badala ya mkuki, umefika kwa Justinian baada ya 538, au kwa waliomrithi.

Hatua ya tano: isome anwani

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na bila sababu, kwa kuwa Kilatini cha sarafu ni maneno machache yanayojirudia. Mara nyingi maandishi huanzia chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Hakuna nafasi kati ya maneno. V ni U pia. Nakili kila herufi unayoiona, weka nukta mahali usipoona, na usikisie kwanza.

IMP ni imperator, amiri jeshi. CAES ni Kaisari. AVG ni Augusto, cheo cha mtawala mwenyewe. P M ni kuhani mkuu. P P ni baba wa taifa. DIVVS ni mtu aliyekwisha kufa na kutangazwa mungu, kwa hiyo sarafu iligongwa na mrithi wake. D N, yaani Bwana wetu, ni alama ya karne ya nne na kuendelea. Jina likiishia VS, linataja mtu. Likiishia O, kama TRAIANO, ni la kutunukiwa, kana kwamba sarafu inasema “kwa Trajan”.

Viwili ndivyo vinavyokupa mwaka: COS, hesabu ya mara alizokuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, na TR P, mamlaka ya utribuni, yaani ya mtetezi wa raia, yaliyohuishwa kila mwaka. Aureo ya Antoninus Pius yenye TR P XVII iligongwa kati ya Desemba 153 na Desemba 154. Ni vitu vichache sana vya miaka mingi kiasi hicho vinavyokwambia umri wao kwa usahihi namna hiyo, tena kwa herufi saba tu.

Kwenye solido, shuka hadi mstari wa chini kabisa wa upande wa pili. CONOB ni Constantinople pamoja na neno la dhahabu iliyosafishwa. TROB ni Trier. COMOB ni ya karakana za magharibi, na hapo herufi mbili zilizo pembeni mwa picha ndizo zinazotaja mji: MD ni Milan, RV ni Ravenna, RM ni Roma. Herufi moja mwishoni mwa maandishi, kama A au Γ, ni namba ya chumba cha kazi ndani ya karakana.

Mfano mmoja hadi mwisho

Turudi kwa sarafu yetu ya gramu 7.28. Upande wa kichwa: mtu mnene wa shingo, shada la majani, NERO CAESAR AVGVSTVS. Upande wa pili: mungu Jupita ameketi kwenye kiti cha enzi, ameshika radi na fimbo, na maandishi IVPPITER CVSTOS, Jupita Mlinzi. Wanahistoria wengi huihusisha picha hii na njama ya kumuua Nero iliyogunduliwa mwaka 65.

Sasa wakutanishe mashahidi. Aureo za Nero za kabla ya mwaka 64 zina herufi EX S C, yaani kwa amri ya Seneti, upande wa pili na uzito wa 7.6 hivi. Yetu haina herufi hizo, na uzito wake ni wa baada ya mageuzi. Wanapatana. Kama Jupita huyu angekuwa kwenye sarafu ya gramu 7.7, ningesita. Picha ingekuwa ya baada ya 64 na uzito wa kabla yake, kosa ambalo fundi wa Roma aliyekuwa chini ya amri asingelifanya kirahisi, lakini mghushi anayenakili picha mtandaoni hulifanya.

Kilichobaki ni kuipa nambari. Katalogi inayotumika duniani ni Roman Imperial Coinage, kwa kifupi RIC, na orodha yake iko mtandaoni bure kwa jina OCRE, ikiendeshwa na American Numismatic Society ya New York. Chagua mtawala, chagua dhahabu, andika neno moja la maandishi, mfano CVSTOS. Utaipata: RIC I, toleo la pili, Nero 52. Sarafu za kabla ya Augustus ziko kwenye orodha dada, CRRO.

Zinazofanana nazo

Si kila dhahabu yenye kichwa cha mfalme ni ya Roma, na hapa habari inatukaribia sisi. Ufalme wa Aksum, Ethiopia na Eritrea ya leo, ulianza kugonga dhahabu yake mwishoni mwa karne ya tatu, chini ya mfalme Endubis. Ni ndogo, haifiki gramu 3, maandishi yake ni ya Kigiriki, na mfalme amezungukwa na mashuke mawili ya nafaka. Juu kuna mwezi na duara. Baada ya mfalme Ezana kubatizwa katika karne ya nne, mahali pa mwezi pakakaa msalaba. Nimeona sarafu za Aksum zikitajwa kuwa “za Kirumi zilizochakaa”, na inaniuma. Ni sarafu ya Afrika, na ni adimu kuliko solido nyingi.

Nyingine ni dinari za mwanzo za Waarabu. Khalifa Abd al-Malik alianza kwa kuiga solido ya Heraclius, Kaisari wa Constantinople, watu watatu wamesimama, ila msalaba ukakatwa mkono ukabaki nguzo. Mwaka 77 wa Hijria picha zikaondolewa, yakabaki maandishi tu, gramu 4.25. Neno dinari lenyewe ni denarius ya Warumi, na fulusi wanayoitaja wazee wetu wa mwambao ina asili katika follis, sarafu ya shaba ya Warumi. Sarafu zenyewe hazikuvuka bahari kwa urahisi kama majina yake.

Aureo yenye mkato wa patasi shavuni mwa Kaisari inaweza kuwa ilipita India Kusini. Mwaka 1898, huko Pudukkottai, zilipatikana aureo 501, karibu zote zimekatwa hivyo. Zilifika kwa majahazi ya pilipili. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, Periplus, unataja fedha nyingi kwenda India, lakini kwa bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu unataja mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Kwa hiyo ukiambiwa aureo imechimbwa shambani Rufiji au Tanga, usiikatae na usiikubali. Acha udongo kama ulivyo. Ikiwa kweli, shimo lile lina thamani kwa historia yetu kuliko dhahabu iliyotoka ndani yake.

Ilitoka wapi?

Sarafu ya kweli inaweza kukutia matatani. Mwaka 2020 aureo ya Brutus ya kukumbuka mauaji ya Caesar, yenye maneno EID MAR, yaani tarehe 15 Machi, siku ya mauaji hayo, iliuzwa London kwa zaidi ya dola milioni 4. Ilikuja kugundulika kwamba historia ya umiliki wake ilitungwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Ukinunua, dai risiti za zamani au picha ya mnada wa miaka iliyopita, kisha uitafute sarafu yako ndani yake kwa mchubuko na umbo la ukingo.

Ukiokota, fuata sheria ya mahali ulipo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au kwa Makumbusho ya Taifa. Kwa ndugu zetu walioko Uingereza wanaotembea na vifaa vya kutafutia madini: sarafu mbili au zaidi za dhahabu za zaidi ya miaka 300, zilizopatikana pamoja, ni hazina kisheria, na zitaarifiwe ndani ya siku 14. Mwaka 1992 huko Hoxne, mtu aliyekuwa akitafuta nyundo iliyopotea alikuta dhahabu, akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia wakatoa ardhini sarafu zaidi ya 14,000 pamoja na mabaki ya sanduku lililozibeba.

Mwisho, iandikie kadi na uihifadhi kwenye kifuko kisicho cha PVC, plastiki inayotoa utomvu. Kadi ya sarafu yetu ingesomeka hivi: Nero, aureo, Roma, 64–65 BK. Gramu 7.28, mm 19. NERO CAESAR AVGVSTVS, kichwa chenye shada, kulia. IVPPITER CVSTOS, Jupita ameketi kushoto, radi na fimbo. RIC I², 52. Mchubuko mdogo ukingoni, saa nne. Na mstari wa mwisho: ilipopatikana, lini, na kutoka kwa nani.